Kanjo wamenifutisha picha Marikiti. Sheria inasemaje?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mpiga picha hapa Mombasa. Wikendi napiga harusi, siku nyingine nazunguka mjini na kamera nikipiga maisha ya mtaani, kisha naziweka Instagram. Juzi asubuhi pale soko la Marikiti nilisimamishwa na kanjo wawili, askari wa kaunti. Walitaka kibali, sikuwa nacho, wakanilazimisha nifute picha zote za siku hiyo huku wamenisimamia. Jambo la pili: nina picha ya mama muuza mahamri, niliipiga barabarani Mji wa Kale bila kumuuliza. Nyuma yake amekaa mjukuu wake amevaa yunifomu ya shule. Mwenye hoteli mmoja ameiona, anataka kuinunua aiweke kwenye bango la biashara yake. Je, nahitaji kibali kupiga picha mahali pa umma? Wale kanjo walikuwa na haki? Na picha ya mama nikiiuza nina kosa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nikujibu kwa ufupi kwanza: pale Marikiti hukuhitaji kibali, kanjo hawakuwa na mamlaka ya kukufutisha picha, na picha ya mama wa mahamri usiiuze kwa ajili ya bango kabla yeye mwenyewe hajaridhia kwa maandishi. Kila jibu kati ya hayo lina lakini yake, kwa hiyo twende taratibu.

Msingi wa yote ni Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010. Inatoa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, pamoja na uhuru wa ubunifu wa kisanii. Uhuru huo ni wa kila mtu, awe mwandishi wa gazeti au kijana mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Wapiga picha wengi huniambia walidhani bila kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari hawaruhusiwi kuinua kamera mjini. Kadi ile humfungulia mwandishi milango ya mikutano na hafla za serikali. Barabarani haimpi haki ambayo wewe huna.

Uhuru huo una mipaka, ila mipaka yenyewe ina utaratibu wake. Ibara ya 24 inasema haki haibanwi ila kwa sheria, tena sheria yenye sababu inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, na anayetaka kuibana ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitishia mahakama kwamba sababu hiyo ipo. Kwa hiyo kanjo akikuuliza kibali, una haki ya kumuuliza, kwa adabu, ni sheria gani na kifungu kipi kinachokutaka uwe nacho. Kuhusu pesa, Katiba iko wazi zaidi: Ibara ya 210 inakataza kodi au ada yoyote ya leseni isiyowekwa na sheria. Kaunti hupitisha Sheria ya Fedha katika bunge lake na viwango vya ada huorodheshwa humo. Kama ipo ada ya kupiga picha sokoni, itakuwa kwenye jedwali la sheria hiyo, ina kiwango chake, na ukilipa unapewa risiti ya kaunti. Ile inayolipwa kiganjani pembeni ya kibanda cha nyanya, bila karatasi, ina jina lake, na wewe na mimi tunalijua.

Zipo nyakati ambapo kibali kinahitajika kweli. Ukienda Mama Ngina na bibi harusi, wasaidizi watatu, taa na stendi zake, mkafunga njia ambayo watu wanapita jioni na watoto wao, hapo umeshageuza bustani kuwa studio. Kaunti ina haki ya kulidhibiti hilo na hata kulitoza, na anayekatazwa kuziba njia hawezi kujificha nyuma ya Ibara ya 33. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya: mgeni aliyelipa kiingilio hupiga picha zake za kumbukumbu, lakini ukitaka kufanyia kazi ya mteja humo ndani zungumza na ofisi yao kwanza. Video ina njia yake. Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Picha mgando haimo. Na droni ni habari ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usiirushe mjini kwa kuwa umeona mwingine karusha.

Halafu kuna mahali penye watu wengi ambapo si mahali pa umma kisheria. Duka kubwa la Nyali, ukumbi wa hoteli, kituo cha mafuta: hivyo vyote ni mali ya mtu. Mwenye mali anaweza kuweka sharti kwamba hapapigwi picha, na mlinzi akikuambia utoke, toka, kwa sababu ukibaki unaingia kwenye kosa la kuingilia mali ya mtu. Mamlaka ya mlinzi yanaishia hapo. Kukunyang'anya kamera hana ruhusa, wala kukufungulia begi kwa nguvu. Ufukwe ni kinyume chake. Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma kwa Ibara ya 62, kwa hiyo askari wa hoteli anayekufukuza ukiwa umesimama kwenye mchanga unaofunikwa na maji hana mguu wa kusimamia. Hata hivyo kumwelekezea lenzi ndefu mgeni aliyelala kitandani kwenye baraza la chumba chake ni jambo jingine, na nitalirudia.

Sasa yale maeneo ambayo nakuomba sana usiyachezee, kwa sababu hapa ndipo vijana wa Mombasa wanapoingia matatani bila kujua. Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204, inaipa serikali uwezo wa kutangaza sehemu kuwa eneo la ulinzi na kuzuia watu kuingia au kuwapangia namna ya kuenenda humo. Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, inahusu kambi za jeshi, vyombo vya kijeshi na sehemu nyingine zilizopigwa marufuku, na adhabu zake si za kuchezea. Angalia jiografia ya mji wetu. Ukisimama Mama Ngina na lenzi ya masafa marefu, Ikulu ya Mombasa iko jirani yako, kivuko cha Likoni kiko chini yako na bandari haiko mbali. Kambi ya Jeshi la Wanamaji iko Mtongwe, ng'ambo ya maji. Wewe unapiga jua linalotua juu ya feri. Askari aliye zamu anaona mtu anayelenga kambi. Nchi iliyopitia mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 na shambulio la Westgate la Septemba 2013 haimtazami mtu mwenye kamera kubwa kama anavyotazamwa mtalii.

Palipo na bango la kukataza picha, liheshimu. Kivukoni katazo hilo linajulikana, na mabishano ya Katiba ndani ya feri iliyojaa hayamsaidii mtu. Ukitaka picha ya eneo kama hilo kwa kazi halisi, andika barua kwa mamlaka husika. Wakikataa, Ibara ya 47 inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapoathiri haki yako. Mahakamani pia: nje ya lango piga, ndani ya chumba cha kesi usipige bila ruhusa ya hakimu au jaji.

Polisi wakiwa kazini barabarani je? Hakuna sheria inayokukataza kuwapiga picha. Afisa anayefanya kazi ya umma mahali pa umma hana faragha juu ya kazi hiyo. Linalokatazwa ni kumzuia asiifanye: kujipenyeza kati yake na anayemkamata, kuvuka utepe, kumsukumia kamera usoni. Rudi nyuma hatua kadhaa, endelea kupiga.

Nirudi Marikiti, kwenye kufutishwa picha, maana hili linaniudhi kila ninapolisikia. Hakuna kifungu kinachompa kanjo, polisi, mlinzi wala mwanajeshi mamlaka ya kukuamuru ufute picha papo hapo. Fikiria mantiki yake. Kama picha ile si kosa, hana sababu ya kuigusa. Kama anaamini ni kosa, basi picha ile ni kielelezo, na kielelezo hakifutwi. Kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi mahakamani ni kosa chini ya kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu. Polisi mwenye sababu ya msingi anaweza kuichukua kamera kwa njia ya sheria, ikaandikwa na kutunzwa, na ya ndani yake yakachunguzwa kwa idhini ya mahakama. Ibara ya 31 inakulinda dhidi ya kupekuliwa na kunyang'anywa vitu vyako, na Ibara ya 40 inalinda mali. Kanjo ndio kabisa: kazi yao ni kusimamia sheria za kaunti, na kadi yako ya kamera haimo katika sheria za kaunti.

Kabla hujafikiria mashtaka, kuna jambo la kufanya leo. Kama tangu siku ile hujapiga picha nyingine kwa kadi ileile, itoe kwenye kamera na usiiguse. Kufuta kwa kawaida hakuondoi picha zenyewe. Huondoa orodha inayoonyesha zilipo, na nafasi hiyo hubaki ikisubiri kuandikwa upya. Zipo programu za kurejesha, na mafundi wa kompyuta mjini wanazo. Ila ukiendelea kupiga, au ukiifomati na kuijaza upya, kila picha mpya inafunika ya zamani. Kwa siku za usoni, kamera yenye nafasi mbili za kadi iwekwe iandike kote kuwili. Kama ina nafasi moja, beba kadi kadhaa na ubadilishe kila unapomaliza mtaa.

Malalamiko yako yaandike sasa, kumbukumbu ikiwa mbichi: tarehe, saa, mlango upi wa soko, sura zao, namba za beji kama ulizisoma, nani alishuhudia. Ya kanjo yapeleke kwa idara ya kaunti inayowasimamia, nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wangekuwa polisi, ungekwenda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kama walikushika kwa nguvu au walichukua kitu, piga ripoti kituoni na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Na Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akidai haki yake imevunjwa. Kwa picha za asubuhi moja pengine hutafika huko, lakini barua inayotaja ibara hizo kwa jina huwa inasomwa.

Ukija kusimamishwa tena, usivutane kamera. Muulize afisa kama umekamatwa au uko huru kwenda. Kama umekamatwa, Ibara ya 49 inataka uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, ukae kimya ukipenda, uwasiliane na wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kosa linalopachikwa wapiga picha mara nyingi ni kuzua rabsha, kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu. Halihitaji picha, linahitaji kelele. Wakikuudhi ukapaza sauti mbele ya watu, umewapa walichokosa.

Hapa nataka tutulie, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo wenzako wengi hawalitenganishi. Kupiga ni tendo moja, kutumia ni jingine, na sheria za Kenya zina mkono mwepesi kwa la kwanza na mzito kwa la pili. Aliyesimama barabarani anaonekana na kila apitaye. Hawezi kudai faragha kamili, na kwa kawaida huhitaji ruhusa yake kubonyeza kamera. Isipokuwa pale ambapo mwenyewe yuko mahali anapotarajia asitazamwe. Dirisha la ghorofani Mji wa Kale linaonekana kutoka kichochoroni, lakini mwanamke aliye nyuma ya shubaka lake yuko nyumbani kwake. Vivyo hivyo yule mgeni wa hoteli niliyemtaja. Kusimama kwako mahali pa umma hakuifanyi nyumba ya mtu kuwa ya umma.

Na mtu akikuinulia mkono kukataa? Kisheria, picha moja ya mtaani si kosa. Kumfuata baada ya kukukataa ni usumbufu, na usumbufu una sheria zake. Maoni yangu mimi, ambayo si kifungu cha sheria: mama wa buibui akigeuza uso, shusha kamera. Mji wetu ni mdogo, na kesho utarudi kichochoro kilekile.

Picha ikishakuwa mkononi mwako na uso wa mtu unatambulika, unaingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Uso ni data binafsi sawasawa na nambari ya kitambulisho. Sheria hiyo imeacha nafasi mbili zinazokuhusu. Kifungu cha 51 kinaachia matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, kwa hiyo albamu yako ya kompyuta haina ugomvi na mtu. Kifungu cha 52 kinalegeza masharti kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, pale mchapishaji anapoamini kwa sababu za msingi kwamba kuchapisha kuna maslahi ya umma na kwamba kufuata sharti fulani kungeifanya kazi yenyewe isiwezekane.

Je, ukurasa wako wa Instagram ni sanaa? Mimi ningesimama mbele ya Kamishna wa Data nikasema ndiyo, kama ni mfululizo wa maisha ya mtaa, hauuzi kitu, haumdhalilishi mtu. Ila elewa kwamba huo ni utetezi wa kujengwa. Haukuteremkii kwa kuandika "msanii" kwenye wasifu. Ukurasa huohuo ukiwa na namba ya simu na bei za harusi chini ya kila picha, utetezi unapungua nguvu. Ningekushauri uzitenganishe kurasa hizo, moja ya kazi za mtaani na moja ya biashara. Na mtu akikuandikia kwamba hataki picha yake iwepo, kifungu cha 26 kinampa haki ya kupinga. Unaweza kubisha kwa kifungu cha 52. Mara nyingi ni nafuu kuitoa.

Maneno unayoandika chini ya picha yana hatari yake pia. Picha ya mama akikaanga mahamri haina neno. Ipeleke kwenye habari ya kipindupindu sokoni, na mama yuleyule ana kesi ya kuchafuliwa jina, hata kama picha ilipigwa kihalali kabisa.

Sasa bango. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinakataza kutumia data binafsi ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa kuna sheria inayoruhusu na mwenyewe amearifiwa. Kanuni za 2021 zimefafanua matumizi ya kibiashara kuwa ni pamoja na kumshawishi mtu mwingine anunue, akodi au ajiunge na kitu. Bango la hoteli lenye uso wa mama juu ya sinia la mahamri ni mfano wa darasani. Kwamba picha ilipigwa barabarani hakukusaidii hata kidogo, kwa sababu hakuna anayekulaumu kwa kupiga.

Usidhani hizi ni sheria za kabatini. Mwaka 2022 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga kampuni ya simu ya Oppo faini ya shilingi milioni 5 katika shauri la picha ya mtu iliyotumika Instagram bila ridhaa yake. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha faini ya ofisi hiyo. Septemba 2023 Casa Vera, kilabu cha Nairobi, kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja wake bila kumwomba. Huyo alikuwa ndani ya kilabu chenyewe, kwa hiari yake, mbele ya watu. Na faini hiyo haimzuii mwenye picha kudai fidia yake kando. Lalamiko kwa Kamishna halihitaji wakili, na sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 90. Mama wa mahamri akipata mjukuu mmoja mwenye simu na hasira, mwenye hoteli na wewe mtaandikiwa barua.

Kwa hiyo nenda kwa mama. Chukua chapisho la picha kwenye karatasi, umpe awe nayo, hiyo ni adabu tu. Mwonyeshe mfano wa bango lenyewe, hata ukiuchora kwa kalamu: uso wako utakuwa hapa, maneno haya hapa, litawekwa barabara fulani. Sheria inataka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelewa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba aliridhia uko kwa anayeitumia data. Ndiyo maana ridhaa ya mdomo, ingawa sheria haiikatazi, ni vigumu kuithibitisha mbele ya Kamishna. Andika karatasi moja kwa Kiswahili. Iseme jina lake, ni picha ipi, iambatishwe, itatumiwa na nani, kwenye bango tu au na mitandaoni pia, kwa muda gani, analipwa kiasi gani na lini. Kama hasomi vizuri, asomewe na mtu wa kwake, si na wewe, na mtu huyo atie sahihi kama shahidi.

Mlipe. Sheria haijaweka bei, lakini hiari ya mtu ambaye sura yake inauza chakula cha mwingine wakati yeye amepewa soda huwa inatiliwa shaka. Pia andikeni mapema nini kitatokea akibadili mawazo, kwa sababu sheria inampa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote. Kuiondoa hakuharamishi yaliyotangulia, lakini bango halitakaa. Wekeni muda wa kulishusha na nani anabeba gharama.

Mjukuu ni kikwazo kikubwa kuliko nyanya yake. Data ya mtoto haitumiki bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na lazima matumizi yawe ya kulinda haki na maslahi ya mtoto. Bibi anaweza kuwa mlezi au asiwe. Kama mama mzazi yuko Changamwe anafanya kazi, sahihi ya bibi haitoshi. Zaidi, yunifomu inataja shule yake hata kama uso haukutazama kamera. Septemba hiyohiyo ya 2023, Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Linganisha na ile ya kilabu uone ofisi ile inavyowatazama watoto. Ushauri wangu: mkate mtoto kwenye picha. Kama picha haisimami bila yeye, basi usiiuze kwa tangazo.

Kwenye mkataba wako na mwenye hoteli, kuna mtego mmoja wa hakimiliki. Picha uliyonayo sasa ni yako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, na haihami ila kwa maandishi. Wewe muuzie ruhusa ya kuitumia kwa bango, kwa muda fulani, ubaki na picha yako. Lakini akikwambia, "Rudi umpige tena, safari hii ashike sinia langu," amekuagiza kazi. Kifungu cha 31 kinasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wapiga harusi hawalijui hili kabisa, nao hufanya kazi za kuagizwa kila wikendi. Sentensi moja kwenye mkataba inatosha kuizuia.

Kama nyuma ya mama panaonekana mchoro wa ukutani au hata zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue, usihangaike. Sheria hiyohiyo inaruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyowekwa mahali ambapo umma unaiona. Nembo ya hoteli nyingine ikiwemo, hiyo ifute. Mnunuzi wako atakushukuru.

Wasomaji wa Tanga na Dar, msiyachukue haya mazima mazima. Tanzania ina Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Vifungu ni vingine.

Rasimu ya mkataba ukishaiandika nitumie kabla hujatia sahihi, pamoja na karatasi ya mama. Ya mama ndiyo nitakayoisoma kwanza.